Mgongo wa Pakiti ya Embe

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa gauni jipya la bluu na viatu vilivyonibana, nikafika ofisi ya afya Kidatu kabla mlinzi hajafungua geti. Usiku ule miwa ilikuwa imechomwa mashambani, na asubuhi majivu yake yalikuwa bado yanashuka kutoka angani, vipande vyeusi vyepesi, vinazunguka, vinasita, kisha vinatua begani mwangu bila uzito wowote. Harufu ya sukari inayochemka ilikuwa imejaa hewani. Nilisimama pale getini nusu macho, nusu usingizini, nikasahau kabisa kwamba nimekuja kuanza kazi. Hadi leo mtu akinitajia kazi, kwanza nayaona yale majivu yanashuka bila haraka, ndipo nakumbuka mengine.

Nilikuwa afisa afya. Watu wa bonde la Kilombero waliniita Bibi Afya, hata nilipokuwa bado msichana. Kazi hiyo ina mambo mengi, vyoo, machinjio, visima, mama lishe, lakini mimi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kusoma lebo, na hasa lebo za vinywaji vinavyouzwa kwa watoto. Vijana waliobaki ofisini wameniomba niwaandikie tulivyokuwa tukifanya. Nimekubali, ila niseme tangu hapa kwamba naandika zaidi kwa ajili ya Dafrosa, mjukuu wangu, mtoto wa binti wa dada yangu. Dafrosa alianza kufa kwa njaa huku kila siku akinyweshwa kitu chenye picha ya embe. Nitafika huko. Kwanza niwaeleze kazi yenyewe, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa niliyoyafanya wodini.

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Bwana Afya wa Tarafa, mzee mrefu, mkavu, ambaye alikunywa chai bila sukari katika mji unaopika sukari, na watu wakamcheka kwa hilo hadi alipohama.

"Shikamoo mzee," nikamwambia.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeletwa?"

"Ndiyo, ni mimi."

Hakunionyesha kiti. Alichukua kwenye rafu chupa ndogo ya plastiki yenye picha ya tembo anayecheza mpira katikati ya mananasi, akaiweka mezani mbele yangu.

"Hiki ni nini?"

"Juisi ya nanasi, mzee."

"Umejuaje?"

"Nimeona picha."

"Basi umesoma kama mtoto. Si vibaya, maana mtoto ndiye aliyechorewa. Sasa geuza, usome kama mtumishi."

Nikageuza. Nyuma kulikuwa na herufi ndogo kama mayai ya chawa. Nikasoma kwa sauti: maji, sukari, asidi ya sitriki, ladha ya nanasi, kihifadhi, rangi.

"Nanasi umeliona?"

"Sijaliona, mzee."

"Ukiliona uniite. Mimi nalitafuta tangu niajiriwe."

Hakucheka. Nilicheka mimi, halafu nikaona aibu, na yeye akanisukumia kikombe cha chai yake isiyo na sukari. Ndivyo nilivyopokelewa kazini.

Aliyonifundisha mzee yule ndiyo niliyofanyia kazi hadi mwisho. Vitu vilivyomo ndani ya kinywaji huitwa viambato, na huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kinatangulia na kilicho kidogo kinafuata. Kwa hiyo ukiona sukari imekaa ya kwanza, au ya pili baada ya maji, umeshajua unakunywa nini, hata kama mbele wamechora bustani nzima. Neno "juisi" lina masharti yake, lazima tunda liwemo. "Kinywaji chenye ladha ya" ni maneno mengine kabisa, hapo tunda si lazima liwepo, inatosha kiwepo kitu kinachofanana nalo mdomoni. Rangi huweza kuandikwa kwa namba, na lazima uzijue namba hizo. Kihifadhi ni kile kinachozuia kinywaji kisichache. Vitamu mbadala ni vile vinavyotia utamu bila sukari, navyo huwa vimejibanza karibu na mwisho wa mstari. Mara nyingi yote haya yaliandikwa kwa Kiingereza, na wakati mwingine kwa lugha ambazo hakuna mtu bondeni aliyezijua, hata padri.

Nitawaambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mkubwa wangu yeyote. Nilizipenda zile herufi. Nilipoinama dukani na lenzi yangu ya mkononi, makelele ya barabarani yalikuwa yanasogea mbali, na mimi nilibaki peke yangu na majina yale, asidi ya sitriki, asidi ya askobiki, gamu ya akasia, nikiyasoma taratibu kama mtu anayeitikia litania kanisani. Wenye maduka walidhani natafuta kosa. Kusema kweli mara nyingine nilikuwa naota tu, nawaza mti wa akasia uko wapi na nani aliuchanja gamu yake ikasafiri hadi Kidatu, kwenye kichupa cha mtoto wa mkata miwa.

Lakini kazi ilifanyika. Ukiingia dukani ulichukua chupa moja ya mbele na moja ya nyuma kabisa ya rafu, kwa sababu muuzaji mjanja husukuma mpya mbele ukimtembelea. Uliangalia tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya toleo, yaani namba inayoonyesha chupa hiyo ilitengenezwa pamoja na chupa zipi. Ukikuta tatizo uliishikilia bidhaa. Kushikilia maana yake isiuzwe, ikae pembeni na utepe wako hadi ofisi iamue. Ikiamuliwa mbaya, iliteketezwa dampo mbele ya mashahidi. Niliteketeza katoni nyingi sana za vinywaji, na moshi wake ulikuwa na harufu ya pipi. Watoto wa jirani na dampo walikuwa wanakuja kusimama kando kuunusa.

Baada ya Kidatu nilihamishiwa Kiberege. Hapo sikuwa na ofisi, nilikuwa na meza kwenye baraza ya zahanati na baiskeli. Siku ya soko magari ya mpunga na mahindi yalijaa kando ya barabara, na akina mama walipanga madeli ya barafu za rangi, zile za mifuko midogo wanazotengeneza kwa unga wa juisi. Mmoja wao, mama mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya, aliniona nasoma pakiti ya unga wake, akanishika mkono.

"Bibi Afya, hebu niambie. Watoto wa siku hizi wananunua nini kwangu?"

"Barafu."

"Thubutu! Wananunua rangi. Nikiweka nyeupe yenye ubuyu halisi, inarudi nyumbani na mimi. Nikiweka nyekundu, hata jua halijawaka nimemaliza. Wewe soma huko nyuma hadi macho yakuume, wenzako wanasoma mbele."

Alinipa barafu moja nyekundu bure, nami nikaila yote nimesimama pale pale, na ulimi ukawa mwekundu mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Ilikuwa tamu. Simdanganyi mtu, ilikuwa tamu sana.

Baadaye nilipelekwa kijiji cha Kisawasawa, na hapo ndipo nilipopata vita yangu ya kwanza ya kweli. Asubuhi za kule ukungu unateremka kutoka Udzungwa hadi kwenye mahindi, na unaweza kumsikia mtu akikusalimia kabla hujamwona. Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi alinitokea katika ukungu huo akiwa ameshika kopo.

"Bibi Afya, wanafunzi wangu hawatulii. Mmoja jana kaniambia moyo unamkimbia. Wote wamekunywa hiki."

Kopo lilikuwa na picha ya simba anayekimbia. Kilikuwa kinywaji cha kuongeza nguvu, na kwenye viambato kulikuwa na kafeini, ile ile iliyomo kwenye kahawa na inayomnyima mtu usingizi. Onyo kwamba hakifai kwa watoto lilikuwepo, ila limeandikwa kwa herufi za kijivu kwenye rangi ya kijivu, chini kabisa karibu na ukingo wa kopo.

"Wamelificha kwapani," akasema Mwalimu Mkuu nilipomwonyesha.

Mwenye kioski alikuwa kijana mpole, hakujua lolote kuhusu kafeini. Tulikaa naye kwenye benchi, nikamsomea mstari kwa mstari, na jioni ile alihamisha makopo yake rafu ya juu, karibu na betri na wembe, akakataa kumuuzia yeyote aliyevaa sare ya shule. Nilirudi nyumbani nikipiga miluzi, jambo ambalo kwetu mwanamke hukatazwa.

Kituo cha mwisho kilikuwa Ifakara mjini, chini ya Afisa Afya Mkuu wa Wilaya. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mkali, mwenye kawaida ya kuvua viatu chini ya meza akifikiri. Siku moja nilimletea kinywaji cha watoto ambacho kilinikera, kina sukari tupu na rangi, na mbele wamechora ng'ombe na mtoto mwenye misuli. Nilitaka kikamatwe. Alikigeuza, akakisoma hadi mwisho, na nikasikia viatu vyake vikidondoka chini ya meza.

"Wameandika kuna maziwa?"

"Hapana, wameandika ladha ya maziwa."

"Sukari wameificha?"

"Hapana, iko ya pili."

"Basi mama, huna kesi. Sisi tunashika lebo inayodanganya. Ikisema kweli, hata kama kweli yenyewe inakuudhi, unairudisha kwenye rafu."

Nilikirudisha. Nilijua anasema sawa, na bado niliumia.

Nikastaafu. Walinifanyia sherehe ndogo ukumbini, wali na kuku, watoto wakapewa soda, nami nikapewa saa ya ukutani na kitenge. Nikarudi nyumbani kwangu Lipangalala, hapo hapo Ifakara. Miezi ya kwanza nilikuwa nalala mchana mvua ikipiga bati, na katika usingizi huo lebo zilikuwa zinapita mbele yangu polepole kama magogo yanayoelea mtoni, nami nazisoma zote bila lenzi. Nilikuwa naamka nimetulia sana. Dukani sikuacha tabia yangu. Muuzaji wa pale mtaani alikuwa ananitania, "Bibi, umestaafu au umekuja kwa siri?" nami namjibu kwamba macho hayapewi barua ya kustaafu.

Sasa nimfikie Dafrosa.

Wasiolijua bonde letu niwaeleze. Msimu wa mpunga ukianza, kaya nyingi za mjini hufunga mlango na kuhamia mashambani, ng'ambo ya mto, hadi mavuno. Kule wanakaa kwenye vibanda na madungu. Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ili maji yasiwafikie na ili waweze kuwaona ndege na kuwafukuza. Kabla ya kuondoka wanapitia dukani kununua vya kuwatosha, maana kule hakuna duka. Edigna, binti wa marehemu dada yangu, aliondoka hivyo pamoja na mumewe Tadei na mtoto wao Dafrosa, aliyekuwa ametembea juzi juzi tu. Edigna alikuwa na mimba nyingine, na kwa sababu hiyo alikuwa amemwachisha Dafrosa ziwa.

Wiki zikapita. Siku moja Tadei alikuja mjini kutafuta magunia, akapita kunisalimia. Nikamuuliza habari za mtoto.

"Hajambo, mama mdogo. Amepoa kidogo tu, hachezi. Lakini amenenepa miguu."

Nilikuwa nachambua mchele kwenye ungo. Mikono ikasimama.

"Miguu tu, au mwili mzima?"

"Miguu. Na mashavu kidogo. Mikono imekuwa myembamba."

Mtoto hanenepi miguu peke yake. Hiyo ni dalili ya unyafuzi, ugonjwa wa mtoto anayepata cha kushibisha tumbo lakini hapati chakula cha kujenga mwili. Maji hujaa miguuni na mtu asiyejua hudhani ni afya. Nilimwambia Tadei asiende kokote kutafuta magunia. Niliogopa, na sikutaka auone uoga wangu, kwa hiyo nikamkaripia kwa sababu ya matope aliyoingia nayo ndani.

Kesho yake tulivuka daraja kwa bodaboda, kisha tukatembea juu ya tuta. Mpunga ulikuwa umefika kiunoni, kijani hadi mwisho wa macho, na upepo ulikuwa unaupitia kwa mawimbi marefu yasiyo na sauti. Nyangenyange weupe walikuwa wanainuka na kutua. Ni mahali pazuri mno, na nilikuwa najichukia kwa kuona uzuri huo wakati nakwenda kumwona mtoto mgonjwa. Nilihisi natembea ndani ya usingizi wa mtu mwingine.

Edigna alikuwa chini ya dungu akipepeta. Aliponiona aliinuka haraka, akapiga goti.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Mtoto yuko wapi?"

"Amelala ndani."

"Mchana huu?"

Akainamisha kichwa. Ikabidi nimvute maneno. Majirani wa mashamba walikuwa wanasema Dafrosa amebemendwa. Kwetu watu huamini kwamba mama akibeba mimba wakati bado ananyonyesha, mtoto aliye mgongoni hunyauka, na lawama zote ni za wazazi walioshindwa kujizuia. Ni maneno ya kuaibisha. Kwa aibu hiyo Edigna alikuwa anamficha mtoto ndani ya dungu asionekane, na Tadei hakuwa akilisema jambo hilo waziwazi.

Nilipanda ngazi. Dafrosa alikuwa amelala ubavu, macho wazi, nywele zimekuwa nyekundu na nyepesi. Nilibonyeza mguu wake kwa kidole, shimo likabaki. Hakulia. Alinitazama tu, kama mtu anayetazama mvua, na hilo ndilo lililonivunja moyo.

"Anakula nini?" nikauliza.

"Uji wa mchele. Na matunda. Nesi wa kliniki aliniambia nisikose matunda, sijakosa hata siku moja." Akanyanyua kutoka pembeni ya mkeka pakiti kubwa ya unga wa juisi, yenye kasuku aliyevaa miwani na kukumbatia embe lililokatwa katikati. "Huku matunda hakuna, mama mdogo, maji yamezunguka kote. Ndiyo maana nilinunua haya ya kukaa. Asubuhi, mchana, jioni nampa. Anayapenda. Akishakunywa hataki kitu kingine."

Aliyasema kwa namna ya mtu anayeonyesha kwamba hajazembea, na kweli hakuwa amezembea. Alijinyima yeye ili pakiti zimtoshe mtoto.

Niligeuza pakiti. Sukari, asidi ya sitriki, ladha ya embe, kinenezi cha kukipa kinywaji uzito, rangi. Nilisoma tena na tena pale juu ya dungu, na kwa mara ya kwanza maishani sikuota chochote. Nilikuwa natafuta uongo. Nilitamani pakiti ile iwe imedanganya mahali fulani, ili niwe na mtu wa kumkamata, hata kama sina tena kitambulisho. Jina la bidhaa lilisema kinywaji cha unga chenye ladha ya embe. Tarehe ilikuwa bado. Namba ya toleo ilikuwepo, anwani ya mtengenezaji ilikuwepo. Kila neno lilikuwa kweli.

"Mama mdogo, kuna kitu kibaya humo?"

"Hakuna kitu, mwanangu. Hakuna embe, hakuna chakula. Ni sukari na rangi."

Aliitazama tena ile picha. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nilisoma embe."

"Najua. Ndivyo ilivyoandikwa."

Nikatia pakiti mkobani kwa mazoea ya miaka, kama nachukua sampuli. Tukamfunga Dafrosa mgongoni kwangu, tukarudi juu ya tuta, na jioni alikuwa amelazwa hospitali mjini.

Wengi wanadhani kwamba mtoto akishafika hospitali mambo yamekwisha. Mtoto wa unyafuzi hajisikii njaa. Anapewa maziwa ya tiba, maziwa maalumu anayopimiwa kidogo kidogo, na asipoyanywa hakuna dawa nyingine ya kuyazidi. Dafrosa hakuyataka. Alifumba mdomo, akageuza uso ukutani. Edigna alimbembeleza, akamwimbia, akalia, akanywa mwenyewe mbele yake kumwonyesha. Wakamwekea mpira wa puani wa kupitishia maziwa, akauchomoa. Wakaurudisha, akauchomoa tena. Kila asubuhi alikuwa mwepesi zaidi mikononi mwangu, na nguvu aliyobakiwa nayo ni hiyo ya kukataa.

Daktari wa zamu alituambia bila kuzunguka. "Mtoto huyu lazima anywe. Muda wetu si mwingi."

Nilikaa kwenye kiti kando ya kitanda. Dirisha lilikuwa wazi, mapazia ya kijani yalikuwa yanapumua na upepo, na wodi nzima ilikuwa kama iko chini ya maji. Nilikuwa nawaza kazi yangu. Nilikuwa nimesoma migongo ya pakiti maisha yangu yote, na mtoto wa damu yangu alikuwa anaondoka kwa ajili ya sura ya mbele. Niliona maisha yangu yote ya kazi hayakumfaa. Machozi yakanitoka, nikafungua mkoba kutafuta leso, na nilipoivuta leso, ile pakiti ikatoka nayo na kuangukia shukani.

Dafrosa akageuza kichwa. Mkono wake mwembamba ukatoka ndani ya shuka, polepole sana, ukamgusa kasuku.

"Embe," akasema.

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu tumlete. Edigna alinitazama, mimi nikamtazama, kisha akaichukua pakiti akatoka nayo mbio hadi kwa muuguzi. Nikasikia wanazungumza kwa haraka pale mezani. Muuguzi, mama wa makamo aliyekuwa zamu mchana ule, alileta maji yaliyochemka. Walimwaga unga wote kwenye sinki, wakaisuuza pakiti mara kadhaa hadi maji yakatoka meupe, kisha wakamimina ndani yake maziwa ya tiba yaliyopimwa.

Edigna akarudi kitandani ameishika kwa uangalifu, kasuku akimwelekea mtoto. Lakini alipofika karibu yangu akasita. Tangu mdogo alikuwa amenisikia nikisimulia wale niliowapeleka ofisini kwa kujaza kitu kimoja ndani ya pakiti ya kitu kingine. Katika kazi yetu hakuna kosa lililo wazi kuliko hilo. Mbele imeandikwa hivi, ndani kuna vingine, na anayenunua hana njia ya kujua.

"Mama mdogo," akanong'ona, "si ndiyo mlikuwa mnawakamatia watu hii?"

"Ndiyo yenyewe," nikamwambia. "Mimina."

Aliinamisha pakiti juu ya kikombe, lakini pakiti iliyolowa ilikuwa inamteleza mikononi, na yale maziwa yalikuwa yote tuliyopewa kwa saa ile. Dafrosa alimtazama kasuku, akatazama kikombe kinavyojaa, akafungua mdomo kabla hata hakijamfikia. Nimetumia maisha yangu kuzikamata pakiti zinazodanganya. Ile nilimshikia Edigna kwa mikono yangu miwili, isije ikamwagika.